Naftalini ni ya Kabati, Si ya Tangi

"Fundi, tangi la lita 40 nitie vidonge vingapi?" Swali hili, hapa Bujumbura, nimeulizwa Buyenzi, nimeulizwa Ngagara, nimeulizwa hata msibani. Vidonge vyenyewe ni naftalini, vile vyeupe vya kufukuza nondo kabatini. Muulizaji amenunua esansi ya bidoni asiyojua ilikopita, injini imeanza kugonga, na kuna mjuaji aliyemwambia kuwa naftalini "inapandisha oktani". Jibu langu ni sifuri. Kwa kuwa sifuri haimridhishi mtu, naeleza leo mara moja, na atakayeniuliza tena nitampa ukurasa huu asome.

Kosa linaanzia kwenye kudhani oktani ni nguvu. Sivyo. Lita ya 95 haina moto zaidi ya lita ya 91. Namba hiyo inapima jambo moja tu: esansi inavumilia kubanwa na joto kiasi gani kabla ya kujilipukia. Anayetakiwa kuwasha ndani ya silinda ni plagi. Esansi ya oktani ndogo ikibanwa kupita uwezo wake, sehemu yake hulipuka bila kungoja moto wa plagi uifikie, nawe unasikia ka-ka-ka ukikanyaga mlimani. Ukiizoea sauti hiyo, siku moja utaitoa pistoni ikiwa na tundu. Lakini injini iliyoridhika na 91 ukiipa 95 haikupi chochote ila bili. Probox ya 1.5 inayotubebea abiria na ndizi, injini ya 1NZ, inabana 10.5 kwa 1, na ilitengenezewa esansi ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini ni 89 tu.

Turudi kwenye vidonge. Naftalini ni hidrokaboni kweli, inayeyuka katika esansi na inawaka. Hapo wasifiaji hawakukosea. Ila oktani yake yenyewe hukadiriwa kuwa 90 hivi. Kupandisha esansi ya 91 kwa kitu cha 90, hesabu ya darasa la nne inatosha kukuonyesha utakapofika. Utasema esansi yako ni mbovu kuliko hiyo. Haya, tupime uzito. Kidonge kimoja kina gramu tatu au nne. Lita 40 za esansi ni kilo 30 hivi. Vidonge kumi havifiki hata robo ya asilimia moja ya mchanganyiko. Umetia harufu, hukutia dawa.

Ukizidisha ili ifike mahali, ndipo unapojiumiza. Naftalini huungua kwa moshi mweusi. Masizi yakijaa juu ya pistoni, nafasi ya kubania hupungua, na masizi yenyewe hubaki yakiwaka kama makaa yanayowahi kuwasha esansi kabla ya plagi. Kwa maneno mengine, umenunua dawa ya kugonga inayoleta kugonga. Tena vidonge vingi vya madukani siku hizi si naftalini hata kidogo. Ni paradiklorobenzini, yenye klorini ndani yake. Ikiungua hutoa asidi ya hidrokloriki. Sijui ni fundi gani anayemshauri mteja amwage asidi kwenye silinda zake.

"Lakini mimi nilitia, gari likatulia." Probox ina kihisi kilichofungwa kwenye bloku, kazi yake kusikiliza kugonga. Kikisikia, kompyuta huchelewesha cheche na kelele hupungua papo hapo, kwa gharama ya nguvu kidogo. Gari limejitibu lenyewe, sifa imekwenda kwa kidonge. Kama kutuliza injini kungekuwa kazi ya vidonge vya kabati, Thomas Midgley wa General Motors asingehangaika kujaribu kemikali moja baada ya nyingine mpaka mwaka 1921 akaangukia risasi, sumu iliyokaa katika pampu za dunia mpaka Algeria ilipouza ya mwisho mwaka 2021.

Mchawi wa kweli wa kugonga ni mafuta ya taa yaliyochanganywa katika esansi ya bidoni. Oktani yake inazunguka 20. Changanya sehemu moja kwa tisa za esansi ya 91, na kwa hesabu ya haraka umeporomoka hadi 84. Hakuna kidonge kinachorudisha saba hizo. Mwingine ni dereva. Kutoka Ziwa Tanganyika, meta 770 hivi, mpaka Bugarama juu mlimani, zaidi ya meta 2,000, hewa inapungua, na injini isiyo na turbo huhitaji oktani ndogo zaidi, si kubwa. Likigonga kwenye kona za mlima huo, tazama kwanza gia: watu wanane, mkungu juu ya mkungu, na mkono umeng'ang'ania ya nne.

Ya kufanya, upesi upesi. Soma kifuniko cha tangi au kitabu cha gari. La Kijapani lisilo na turbo, mara nyingi 91 inatosha. Mengi ya Ulaya, 95. Kitabu cha Marekani kikisema 87 usishtuke: wao hutumia wastani wa vipimo viwili, na 87 yao ni kama 91 yetu. Linalodai 98, na huipati, usilibebeshe wala usilikanyage. Chupa za kuongeza oktani, soma lebo: "pointi 10" ni oktani moja tu. Esansi ya bidoni, mimina kidogo kwenye chupa angavu, ngoja dakika kumi. Maji hukaa chini. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: safi hukauka bila alama, likibaki doa la mafuta, mna mafuta ya taa, mazutu, au mawese yaliyotangulia katika bidoni hilo. Usinunue. Ukiwa umeshatia, ongeza juu yake esansi ya kituoni, shuka gia, punguza mzigo. Ikigonga hata kwa esansi safi, kagua plagi, rejeta na masizi. Na bidoni lisilale ndani ya nyumba yenye jiko la mkaa.