BANDU BANDU HUISHA GOGO: Mashamba yaliyo nyuma ya Petite Barrière

Mtu afikaye Petite Barrière mapema asubuhi, mahali pale Gisenyi inapopakana na Goma, hahitaji kuelezwa kwamba hapo ndipo riziki ya watu wengi inapopita. Akina mama wana mabeseni ya karoti na vitunguu vichwani. Vijana wamejitwika magunia ya viazi. Na watu wenye ulemavu wa miguu wanaendesha kwa mikono baiskeli zao za magurudumu matatu, zilizosheheni kabichi mpaka juu. Kabla ya mpaka kufungwa mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, waliovuka hapo kwa miguu kwa siku moja walihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Mengi yamekwisha kusemwa juu ya wavukaji hao, ushuru wanaotozwa na usumbufu wanaoupata. Leo, ndugu msomaji, natuombe tugeuze shingo na kutazama nyuma yao, huko mzigo unakotoka.

Sehemu kubwa ya mboga na viazi hivyo haitoki mbali. Hutoka katika mashamba ya wilaya yenyewe ya Rubavu, katika nchi ya Cyanzarwe, Busasamana na Mudende, penye udongo mweusi wa volkano usioinyima jembe kitu. Mashamba hayo ndiyo yanayopungua. Hayachukuliwi na adui, wala hayanyang'anywi na tajiri mmoja mwenye tamaa. Yanakwisha kipande kwa kipande, kwa mikono ya wenyewe.

KIPANDE KIMOJA SI KITU

Tuchukue mfano wa mzee mwenye shamba la hekta moja kando ya barabara. Mtoto wake wa kwanza anaingia sekondari na fedha za shule zinahitajika. Mzee anakata kiwanja cha mita 20 kwa 30 na kukiuza. Mwaka wa pili mkewe anaugua, nacho kiwanja cha pili kinakwenda. Jirani yake, aonapo bei ya kiwanja inavyozidi bei ya magunia ya viazi, naye anafuata. Mnunuzi anajenga nyumba nzuri ya mawe na bati, anaweka ua, anahamia na watoto wake.

Ukiwauliza mmoja mmoja, hutampata mkosaji. Aliyeuza alikuwa na dhiki ya kweli, naye aliyenunua alihitaji mahali pa kulala. Lakini baada ya miaka kumi tazama palivyo: nyumba moja hapa, nyingine kule, na katikati yake vipande vyembamba vya ardhi visivyotosha kulimwa wala kujengwa. Mbuzi wa nyumba hii hula maharagwe ya nyumba ile. Njia ya kupeleka samadi imezibwa na ua. Hivyo basi, kila nyumba iliyojengwa peke yake katikati ya mashamba haichukui mita zake 600 tu. Huharibu na zile zilizo jirani. Mji uliopangwa hula ardhi kidogo na kuweka watu wengi, ilhali mji unaojitawanya hula ardhi nyingi na kuweka watu wachache.

ARDHI HAIZAI ARDHI

Rwanda ina eneo la kilomita za mraba 26,338. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13, yaani wastani wa watu 503 katika kila kilomita ya mraba. Wilaya ya Rubavu, iliyokuwa na watu zaidi kidogo ya 400,000 mwaka 2012, ilikuwa na zaidi ya 540,000 baada ya miaka kumi. Watu hao lazima wapate makazi, na asemaye wasijenge hasemi la maana. Swali ni wajenge wapi, na kwa mpango gani.

Tena majirani zetu wa kimaumbile hawatupi nafasi ya kuchezea. Kaskazini kuna volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba nyingi za Rubavu. Magharibi kuna ziwa Kivu. Kusini na mashariki kuna milima yenye miteremko mikali, ambako mto Sebeya hushuka kwa nguvu kuelekea ziwani.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, mto huo ukafurika, na katika majimbo yaliyokumbwa na maafa hayo watu zaidi ya 130 walifariki. Chanzo cha kwanza kilikuwa mvua yenyewe na ukali wa milima. Hata hivyo mlima uliovuliwa nguo hauzuii maji. Msitu wa Gishwati, ulio katika milima hiyo ya juu, ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilibaki kama 600 tu. Mradi mkubwa wa malisho wa miaka ya 1980 ulikata sehemu yake, na baada ya mwaka 1994 wakimbizi waliorejea nchini walitafuta humo pa kuishi na kulima. Hata mabaki yake yalipofanywa hifadhi ya taifa pamoja na msitu wa Mukura, kwa sheria ya mwaka 2015, kazi ya kupanda upya ilikuwa ngumu kuliko ile ya kukata.

Nalo shamba lina kazi ya namna hiyo. Paa la bati la mita 10 kwa 10 likinyeshewa mvua ya milimita 20 humwaga lita 2,000, yaani madumu 100 ya lita 20. Nyumba kumi zitamwaga madumu 1,000 kwa mvua moja. Udongo uliolimwa vizuri hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Bati na saruji havinywi hata tone. Yatakwenda wapi, ila kwa jirani wa chini?

WENGINE WALIFANYAJE

Jambo hili halikuanza kwetu. Uingereza, baada ya kuona miji yake ikijitawanya ovyo kando ya barabara, ilipitisha mwaka 1947 sheria iliyomtaka mwenye ardhi apate kibali kabla ya kujenga, hata kama ardhi ni yake. Karibu nasi, huko Kitengela nchini Kenya, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, nyanda za malisho ya Wamasai ziligawanywa, zikauzwa vipande vipande, na nyaya za ua zikakata mapito ya wanyama. Tangu mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi kiasi kidogo kwa kila eka ili wasiuze wala wasizungushie ua. Somo lake ni moja: anayetaka ardhi ibaki wazi asimwachie mkulima peke yake gharama ya kuilinda.

Rwanda nayo ina chombo chake. Kati ya mwaka 2009 na 2013 viliandikishwa viwanja na mashamba zaidi ya milioni 10. Mpango mkuu wa matumizi ya ardhi unaofikia mwaka 2050 umetenga kiasi cha asilimia 47 ya nchi kwa kilimo, na sheria ya ardhi ya mwaka 2021 inataka matumizi yafuate mipango hiyo. Lakini ramani iliyomo ofisini haifukuzi tofali shambani. Mlinzi wa kweli yuko nyumbani.

SAHIHI YA MAMA

Hapa ndipo ukurasa huu unapomhusu kila mama. Ardhi iliyoandikwa kwa jina la mume na mke haiuzwi bila idhini ya wote wawili. Basi kabla ya kutia sahihi, akina mama na akina baba, kaeni pamoja na kujiuliza: Je, dhiki hii haina dawa nyingine, kama vile kukopa katika chama cha akiba au kukodisha shamba kwa msimu? Kipande kitakachobaki kitalisha nyumba hii? Naye anayenunua asome hati: ikiwa imeandikwa kilimo, aulize kwanza ofisi ya ardhi ya wilaya, asije akajenga leo na kubomoa kesho. Aliyekwisha kujenga aweke tangi la kukingia maji ya paa, au achimbe shimo la kuyapokea. Na siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, pamoja na kuzibua mitaro, wanakijiji wazungumze wazi ni upande upi wa kujenga na upi wa kuachia jembe.

Mama anayevuka Petite Barrière na beseni lake hana nafasi ya kusoma ramani ya mwaka 2050. Anajua tu kama vitunguu vipo au havipo. Siku atakapolazimika kuvitafuta mbali, na nauli ikala faida yote, hatamwona mtu wa kumlaumu, maana gogo lilikwisha kwa kubanduliwa, na kila mmoja wetu alibandua kidogo tu.