Kioo Kitupu Si Anga Tupu

Mbugangari ni mtaa wa mji wa Gisenyi ulio karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Upande wa kaskazini umesimama mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470. Upande wa kusini limelala Ziwa Kivu. Kiwanja cha ndege cha Gisenyi na kile cha Goma vimetenganishwa na kilomita chache tu, na katikati yake upo mpaka wa nchi mbili. Tarehe 7 Novemba 2022 ndege ya kivita ya Kongo aina ya Sukhoi-25 ilitua kwa muda mfupi Gisenyi, kisha ikaondoka. Serikali ya Kongo ilieleza kwamba iliingia Rwanda kwa makosa. Katika anga yenye nafasi finyu namna hii, rubani wa ndege ndogo hana budi kujua ni nani aliye karibu naye na mvua inatoka wapi.

Siku hizi vinauzwa vipokezi vidogo vya mkononi vinavyodai kumpa rubani habari zote mbili. Kipokezi hicho hukaa kwenye dirisha la ndege, hutumia betri yake chenyewe, na huonyesha habari zake katika simu ya rubani. Ni chombo chema. Lakini anayekinunua yampasa kwanza afahamu kwamba kipokezi hakioni kitu; husikia tu. Ambacho hakikutangazwa angani, chenyewe hakiwezi kukipata.

Ndege nyingi za leo zina mtambo uitwao ADS-B, unaotangaza kila mara jina la ndege, mahali ilipo na kimo chake. Karibu dunia nzima matangazo hayo hurushwa katika megahezi 1090. Marekani, ambako tangu tarehe 1 Januari 2020 ndege hulazimika kuwa na mtambo huo katika sehemu kubwa ya anga inayoongozwa, ipo pia njia ya pili ya megahezi 978. Kwa njia hiyo vituo vya ardhini huwatangazia marubani habari za mvua, upepo na dhoruba bila malipo. Vipokezi vingi vimetengenezwa kwa ajili ya soko hilo, na sifa zilizoandikwa juu ya kasha ni sifa za huko.

Hapa ndipo mnunuzi anapoweza kupotea. Mfumo ule wa megahezi 978 ni wa Marekani. Rubani atakayekileta chombo hicho Gisenyi kwa kutumaini habari za hewa atakiwasha, atangoje, wala hataona tone moja la mvua, hata kama radi inapiga juu ya ziwa. Na hatari haiko katika fedha alizopoteza, bali katika kudhani kwamba kukosekana kwa wingu kiooni maana yake hakuna wingu mbele.

Jambo hilo hilo lahusu ndege nyingine. Isiyo na mtambo wa kutangaza haitaonekana. Ndege ya jeshi iliyozima mtambo wake haitaonekana. Mawimbi haya hayapenyi milima, kwa hiyo ndege iliyo nyuma ya Nyiragongo yaweza kujitokeza ghafla. Tena mahali panapotangazwa hutokana na GPS, na mwaka 2024 iliripotiwa kwamba mawimbi ya GPS yalivurugwa katika anga ya Kivu Kaskazini.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Nairobi. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa na watu 44 iligongana na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172, muda mfupi baada ya ile kubwa kuruka kutoka uwanja wa Wilson. Ile kubwa ilirudi salama. Watu wawili waliokuwa katika Cessna walikufa. Wilson ni uwanja wenye mnara na waongozaji wa ndege. Ikiwa hatari yaweza kutokea hapo, je, katika kiwanja kidogo cha mpakani?

Basi achague kipi? Cha kwanza, kipokee megahezi 1090. Pili, kiwe na GPS yake na kipimo cha mgandamizo wa hewa, ili kilinganishe kimo cha ndege yake na cha nyingine. Tatu, betri yake izidi muda wa safari nzima pamoja na akiba. Nne, kistahimili joto la jua dirishani. Tano, antena ipate nafasi wazi, kwa kuwa bati la ndege huzuia mawimbi. Yenye waya wa kuitenga na kasha ni bora zaidi. Kikiwa na king'ora cha hewa ya sumu itokayo katika injini, hiyo ni faida kubwa.

Habari za hewa zitafutwe kwa njia ya zamani: taarifa ya kituo cha hewa kabla ya kuruka, redio ya mwongozaji safarini, na macho. Ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, iliyoua watu 19 katika Ziwa Victoria wakati wa hali mbaya ya hewa, inatosha kuonya jinsi anga ya maziwa yetu isivyotaniwa.

Askari na polisi wa mpakani nao wajue hili: kupokea na kurusha mawimbi ni mambo mawili. Kasha lenye antena laweza kuwa sikio tu, au laweza kuwa na mdomo pia, kwani viko vyombo vya mkononi vinavyotangaza. Kabla ya kumshuku mwenye nacho au kumwachia, aulizwe kinafanya lipi, na aonyeshe maandishi yake.

Chombo ni msaidizi wa rubani, si badala yake. Kioo kikiwa kitupu, hapo ndipo macho yazidi kufumbuliwa.