Simba Aliyelala Ndani ya Droo

Wengi wetu tuliingia Makumbusho ya Taifa ya Nairobi mara moja tu maishani: tukiwa shule ya msingi, ndani ya basi la shule, mkate na soda mkononi. Tukapiga picha chini ya sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu, tukachungulia nyoka, tukarudi nyumbani. Tangu siku hiyo tunaamini tumeyamaliza makumbusho.

Sasa sikiliza, komredi. Ulichokiona ni sebule tu. Nyumba yenyewe iko nyuma. Vitu vinavyowekwa kwenye vioo ili umma uvione ni sehemu ndogo sana ya vile vinavyohifadhiwa. Nyuma ya kuta hizo kuna makabati na droo zilizojaa ndege waliokaushwa, wadudu waliochomwa pini, na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Huko nyuma ndiko utafiti unakofanyika.

Chukua mfano mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti walichimba visukuku mahali panapoitwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya. Walichokuwa wakitafuta zaidi ni mabaki ya nyani wakubwa wa kale. Katika kuchimba walipata pia taya na meno ya mnyama mwingine mla nyama. Mifupa hiyo ikapelekwa Nairobi, ikawekwa ndani ya droo, na ikakaa humo miongo kadhaa bila kuchunguzwa ipasavyo.

Baadaye Matthew Borths, mtafiti kutoka Marekani aliyekuwa akichunguza wanyama wala nyama wa kale, akafungua droo hiyo. Aliyaona yale meno makubwa ajabu, akajua ana kitu kigeni mbele yake. Mwaka wa 2019, yeye na mwenzake Nancy Stevens walitangaza rasmi mnyama mpya kwa sayansi. Jina lake halihitaji mkalimani: Simbakubwa kutokaafrika.

Lakini usidanganyike na jina. Simbakubwa hakuwa simba. Simba wa leo ana jozi moja tu ya magego yaliyonolewa kama mkasi kwa kukatia nyama kila upande wa mdomo. Simbakubwa alikuwa na mikasi ya aina hiyo sehemu tatu kwenye taya. Hiyo ndiyo alama ya ukoo mwingine kabisa, uliokwisha toweka duniani. Aliishi takriban miaka milioni 22 iliyopita, na watafiti wanakadiria alikuwa mkubwa kuliko dubu mweupe wa kaskazini. Mnyama wa ukubwa huo alitosha kwenye droo, na hakuna aliyemjua.

Utauliza: kama mtu hajui kitu ni cha nini, kwa nini akihifadhi? Na mbona makumbusho huweka mamia ya ndege wa aina moja, si mmoja anatosha?

Jibu ni kwamba sampuli huwekwa kwa ajili ya maswali ambayo bado hayajaulizwa. Nchini Uingereza, katikati ya karne iliyopita, watu waliona kozi, ndege hodari wa kuwinda, wakipungua na mayai yao yakivunjika kwenye viota. Mtafiti Derek Ratcliffe akaenda kwenye mikusanyiko ya mayai ya zamani, akalinganisha maganda yake na ya wakati wake. Mwaka wa 1967 akaonyesha kwamba maganda yalianza kuwa membamba ghafla baada ya Vita Vikuu vya Pili, wakati dawa ya wadudu ya DDT ilipoanza kutumika sana. Waliokusanya mayai yale ya kale hawakuwahi hata kuisikia DDT. Yai moja lisingesema kitu. Ushahidi ulitoka kwenye mayai mengi, ya miaka mingi, kila moja na tarehe yake.

Hiyo tarehe ndiyo siri ya mambo yote. Mfupa bila lebo ni mfupa tu. Tazama KNM-WT 15000, yule kijana wa kale aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu na kikundi chake huko Nariokotome mwaka wa 1984. KNM ni makumbusho yetu, WT ni magharibi mwa Turkana, na 15000 ni nambari yake katika daftari. Kwa namba hiyo, mtafiti yeyote anaweza kurudi kwenye mfupa uleule, aupime upya, na kuwasahihisha waliomtangulia.

Na mkusanyiko ukipotea, umepotea. Tarehe 2 Septemba 2018, Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro yaliungua usiku mmoja. Yalikuwa na takriban vitu milioni 20, na sehemu kubwa iliteketea. Wadudu wa misitu iliyokwisha fyekwa huwezi kwenda kuwakusanya tena.

Sasa turudi kwetu. Sina kinyongo na Borths. Alifanya kazi, akampa mnyama jina la Kiswahili. Kinachoniuma ni kwamba droo ile ilikuwa Nairobi, safari ya matatu kutoka kwa maelfu ya wanafunzi wa sayansi, na wengi wetu hata hatukujua inaweza kufunguliwa. Kila mwaka wa mwisho tunalia kwamba hatuna pesa za kwenda nyanjani kukusanya data. Data ya miaka mia imekaa kwenye makabati, imeshakusanywa, ina lebo.

Kwa hiyo kabla hujanakili mada ya aliyekutangulia, zungumza na msimamizi wako, uliza utaratibu wa kibali, andika barua kwa idara ya ndege, ya wadudu au ya visukuku. Wengi wa wanaotunza vitu hivi wangefurahi kuona mgeni mwenye swali. Simbakubwa alisubiri miaka mingi afunguliwe. Walio kwenye droo zilizobaki bado wanasubiri.