Bonde la Punda Milia Karibu na Rosettenville

Familia nyingi tunazozitembelea Rosettenville na Turffontein hazijui kwamba kilomita chache tu kusini mwao kuna bonde lenye punda milia. Linaitwa Klipriviersberg. Ni hifadhi ya jiji, ina takriban hekta 680, na kuingia ni bure.

Katikati unapita mto mdogo, Bloubosspruit. Mimi nilikulia karibu na Ruzizi, ambako mtoto hufundishwa kuogopa mamba na kiboko kabla hajajua kusoma. Hapa hawamo, wala simba. Utaona punda milia, kongoni, na nyumbu mwenye mkia mweupe, ambaye si yule wa Serengeti. Pimbi huota jua juu ya majabali, na ndege waitwao mnana husuka viota vyao juu ya maji. Fisi maji yumo pia, ila sijabahatika kumwona. Nimeona tu maganda ya kaa aliyoyaacha kwenye jiwe.

Miteremkoni kuna kuta za mawe zilizobomoka. Ni maboma ya Watswana waliofuga ng'ombe hapa muda mrefu kabla Johannesburg haijaanzishwa mwaka 1886.

Msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, nyasi hukauka zikawa njano, lakini mishubiri ndipo inapotoa maua mekundu. Kwa matembezi na watoto naupenda msimu huo, kwa sababu ya mvua.

Kuanzia Oktoba hadi Machi mvua ya radi hupiga alasiri, na mto unaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, huku mlipo jua linawaka. Tarehe 3 Desemba 2022, waumini waliokuwa kwenye ibada kando ya mto Jukskei, hapa hapa Johannesburg, walisombwa na mafuriko. Zaidi ya kumi walifariki. Wengi wetu husali au hubatiza mitoni, kwa hiyo nawaomba wazazi na wachungaji: nendeni asubuhi, mkisikia radi tokeni bondeni, na maji yakigeuka rangi ya udongo msivuke. Watoto wasiyanywe, maji machafu ya jiji huingia mitoni.

Vaeni viatu vya kufunika, nyoka wapo. Msiende mmoja mmoja, vibaka nao wapo. Familia inayotaka kuongozana nasi imwambie mhudumu wake. Tunaondoka ofisini saa mbili asubuhi.