Kadi Imefungwa Kabla Hujaugua

Kadi ya bima ya afya haifungwi siku mtu anapougua. Imeshafungwa zamani, siku ambayo nyumbani mlikuwa na shughuli nyingine kabisa: baba kahamishwa, binti kamaliza shule, mzee kastaafu, mama katoka kumzika mumewe. Ninakaa kwenye dirisha la bima katika kituo cha afya hapa Kasulu, na kabla ya hapo nilikuwa Kibondo. Watu wenye haki ya kutibiwa ninaowaona wakitoa fedha mfukoni ni wengi mno. Wachache sana wameacha bima kwa kutaka. Waliobaki imewaponyoka bila wao kujua.

Tuanze na watumishi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi 2001. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 3. Kwa makato hayo wanapaswa kutibiwa yeye, mwenza wake na wategemezi wanne. Lakini makato peke yake hayamwingizi mtu kwenye mfumo. Anayemwingiza ni wewe, kwa fomu, picha, cheti cha ndoa au cha kuzaliwa, na mhuri wa mwajiri. Kuna watumishi wanaokatwa miaka nenda miaka rudi na mke hajawahi kuandikishwa, kwa sababu cheti cha ndoa hakikufuatwa kanisani au bomani.

Anayesahaulika kuliko wote ni mtoto mchanga. Mama anajifungua kwa kadi yake, kila kitu kinakwenda vizuri, anarudi nyumbani. Miezi inapita, mtoto anashikwa na malaria, na malaria kwetu huku si mgeni. Mama anafika dirishani na mtoto mgongoni anachemka.

"Mama, mtoto huyu hayumo."

"Hayumo vipi, mwanangu? Si nimemzaa kwa kadi hiihii?"

Ni kweli. Naangalia: jina la baba lipo, la mama lipo, la mtoto hakuna. Nikiomba cheti cha kuzaliwa, anafungua kadi ya kliniki na kutoa tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali, limekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuchanika. Kilichoandikwa ni "mtoto wa" fulani, maana siku ile jina lilikuwa bado halijapatikana. Kutoka karatasi hiyo mpaka uanachama kuna hatua, na homa haingoji hatua. RITA ina utaratibu wa kuwapa cheti watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, kupitia ofisi za kata na vituo vya afya. Safari ya kumpeleka mtoto chanjo ya kwanza ndiyo wakati wa kukiulizia. Na mpeni mtoto jina mapema, jamani.

Halafu soma kila herufi kabla ya kuondoka. Majina yetu ya Kiha yanayoanza na Nt au Nd hupungukiwa herufi yakiandikwa na mtu asiyeyazoea. Cheti kinasema hivi, namba ya NIDA inasema vile, na mfumo unawaona watu wawili. Sisi wa Kigoma, mkoa wa mpakani, tunajua kupata namba ya NIDA kunavyoweza kuchukua muda, kwa kuwa uraia wa mtu huhakikiwa kwanza. Ndiyo sababu kijana asingoje mpaka aihitaji.

Familia za askari zina mtego wao. Wilayani Kasulu tuna kikosi cha JKT Mtabila, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi 2012. Kanembwa JKT iko Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo. Jeshi lina huduma zake za tiba, na hospitali yake kuu ni Lugalo, Dar es Salaam. Lakini mke wa askari mara nyingi ni mwalimu au muuguzi mwenye kadi ya NHIF. Baba anajua watoto wako kwa mama. Mama anajua wako kwa baba, jeshini. Baba anapangiwa kituo cha mbali, mtoto anaugua huku, na ndipo inagundulika kwamba hakuna aliyewaandikisha popote. Kwa maoni yangu, mama mwenye makato ya NHIF awaandikishe watoto kwake tangu mwanzo, kwa sababu yeye ndiye anayebaki nao. Uhamisho wa askari haupigi hodi.

Mtoto akivuka umri wa utegemezi, mfumo unamtoa, na hakuna atakayekuja kugonga mlango kukuambia. Anayekwenda chuo aulize bima ya wanafunzi siku ileile ya usajili. Mtumishi anayetoka serikalini kwenda shule binafsi asidhani uanachama unamfuata. Mwajiri mpya lazima aanze kuwasilisha michango. Mstaafu aliyekuwa mwanachama huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake bila kukatwa tena, ila wanufaika ni hao wawili tu. Wajukuu anaowalea hawamo. Jambo hili huwashtua wazee wetu, na mimi huniuma kila ninapolieleza, kwa kuwa nyumba nyingi za huku zinalelewa na bibi na babu.

Wakulima nao wana Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF. Ile iliyoboreshwa ilikuja 2018 kwa kiwango cha shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, ikimfikisha mgonjwa mwenye rufaa mpaka hospitali ya mkoa, kwetu Maweni. Tatizo lake ni tarehe. Aliyejiunga wakati wa njaa, ghala likiwa tupu, mwaka wake utakwisha wakati wa njaa vilevile, na hatakuwa na cha kulipa. Nilipokuwa Kibondo niliwasihi watu walipe wakishauza maharage au mihogo, fedha ikiwa bado mkononi. Andika tarehe ya mwisho kwa chaki nyuma ya mlango. Kutoka Kibondo mpaka Maweni ni zaidi ya kilomita 200, na kwenda rufaa huku kadi imekwisha ni mateso mawili kwa mpigo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima. Naiunga mkono kwa moyo wote, lakini kuandikishwa mara moja hakumalizi kazi.

Nawaomba, basi, wiki hii pitieni kituo chochote cha tiba mkiwa wazima. Mwambie wa dirishani akutajie majina yote yaliyo hai chini ya namba yako, mojamoja. Kama kuna linalokosekana, nenda kwa afisa utumishi wako au ofisi ya NHIF Kigoma mjini, ukiwa na vyeti halisi na nakala zake. Sisi wa dirishani tunaweza kukuonyesha kwamba kadi imefungwa. Kuifungua hatuwezi.