Hofu Pekee Haimkingi Kijana

Mnamo Machi 13, 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule na vyuo vifungwe. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi wakafunga mizigo na kuondoka Eldoret, huku wakiwa wamesikia mambo mawili: kwamba ugonjwa huu unaua, na kwamba wanaolemewa zaidi ni wazee na wenye maradhi kama kisukari.

Hatari ilivyo na hatari mtu anavyoihisi ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1987, mwanasaikolojia Paul Slovic wa Marekani alieleza kuwa tunaogopa zaidi hatari ngeni, isiyoonekana na tusiyoweza kuidhibiti. Ndiyo maana virusi vipya hukosesha watu usingizi, ilhali abiria anapanda bodaboda bila helmeti na moyo wake umetulia.

Hata hivyo, kuogopa si kujikinga. Nadharia aliyoitoa mwanasaikolojia Ronald Rogers mwaka 1975 na kuipanua mwaka 1983 inasema kuwa mtu hupima mambo manne: ugonjwa una madhara gani, je, unaweza kumpata, je, kinga inafaa, na je, yeye anaimudu? Akiona hatari ni kubwa na kinga anaiweza, huchukua hatua. Akiona hatari ni kubwa lakini kinga imemshinda, hubaki na wasiwasi mtupu, au hukana kabisa kuwa ugonjwa upo. Kijana anayelala chumba kimoja na wenzake wanne na kununua maji kwa mtungi hasaidiwi na tangazo la kumtisha. Anahitaji maji, sabuni na nafasi.

Kwa kijana mwenye afya njema, hoja yenye uzito huenda isiwe maisha yake, bali ya nyanya anayeishi naye. Ujumbe wa afya useme hivyo waziwazi.

Somo hili lingali na maana. Julai 2024, Kenya ilithibitisha kisa chake cha kwanza cha mpox, ugonjwa wa virusi, katika kaunti ya Taita Taveta. Hata Eldoret haiko mbali na hatari hiyo: iko kwenye barabara kuu ya malori kutoka Mombasa hadi Malaba, na mpox huenea hasa kwa kugusana kwa karibu.

Kwa hivyo, maafisa wa afya wa Uasin Gishu, kaunti yenye mji wa Eldoret, kila mnapowatangazia vijana hatari, waambieni papo hapo la kufanya na mahali pa kupata huduma. Nawe kijana, habari ya ugonjwa ikikutia hofu, muulize mhudumu wa afya kabla ya kuisambaza: unaambukizwaje, na mimi nifanye nini leo?