Bastola ya Kwanza ya Kulenga Shabaha: Jua Haya Kabla Hujatoa Fedha Yako

Msikilizaji wetu mmoja wa Ruangwa alituletea swali: RUNALI ikishalipa fedha za korosho, anataka kununua bastola ya kujifunzia kulenga shabaha. Achague ipi? Maswali kama hilo yameongezeka tangu Julai 2024, ilipozagaa kwenye simu zetu picha ya Yusuf Dikeç, Mturuki aliyesimama kwenye Olimpiki ya Paris amevaa miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, akilenga kana kwamba anaelekeza njia ya kwenda sokoni.

Picha ile ni ya kweli. Siku hiyo Dikeç na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha, nyuma ya Zorana Arunović na Damir Mikec wa Serbia. Lakini picha haisemi kwamba Dikeç alikuwa na miaka 51, na kwamba alikuwa akishiriki Olimpiki tangu ile ya Beijing mwaka 2008. Pia haisemi kwamba bastola aliyoishika haikuwa na baruti. Ilikuwa bastola ya upepo.

Bastola gani humfaa anayeanza

Katika mchezo wa shabaha, wengi duniani huanza na bastola ya upepo. Inarusha kipande kidogo cha risasi chenye upana wa milimita 4.5 kwa nguvu ya hewa iliyobanwa. Mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, na duara la katikati, lenye alama 10, lina upana wa milimita 11.5 tu, sawa na kifungo cha shati.

Hatua inayofuata ni bastola ya baruti ya .22, ambayo ndiyo hutumika kwenye mashindano ya mita 25. Wakufunzi huipenda kwa wanafunzi kwa sababu mlio wake si mkubwa sana, risasi zake ni za bei nafuu kuliko za bastola kubwa, na hairuki sana mkononi inapofyatuliwa.

Hilo la kuruka ndilo huwaharibu wanaoanza. Ukianza na bastola kubwa, kama ya milimita 9, mkono hujifunza kuogopa. Kabla risasi haijatoka, mwili umeshashtuka na mtutu umeshainama. Tabia hiyo ikishaingia, kuitoa ni kazi.

Kosa lingine ni kudhani kwamba bastola ndogo ni rahisi zaidi. Ile inayoingia mfukoni ina mtutu mfupi, na alama zake mbili za kulengea zimekaribiana. Ukikosea kidogo tu mkononi, risasi inaangukia mbali. Ya kujifunzia iwe na uzito wa kutosha, mtutu mrefu kiasi, na mpini unaojaa kiganja, kidole kikifika kwenye kifyatulio bila kujivuta.

Sheria huanzia kijijini

Tanzania silaha hainunuliwi kama pikipiki. Inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali hutangulia ununuzi. Maombi huanzia kwenye uongozi wa kijiji au mtaa wako, yanapitia kata na polisi, yanafika kwenye kamati za ulinzi na usalama, kisha yanapanda juu. Utaulizwa unaitaka ya nini, tabia yako ikoje na utaihifadhi wapi. Mwenyekiti wa kijiji anayejua kwamba ukilewa unamtishia mke wako ana la kusema, na ni haki alisema.

Usijidanganye kwamba bastola ya upepo ni kitu cha kuchezea. Kabla hujaagiza ya aina yoyote, nenda kituo cha polisi cha wilaya, Nachingwea au Ruangwa, uulize. Kuuliza ni bure. Kukamatwa na silaha isiyo na kibali ni kesi ya jinai.

Jambo lingine: kibali cha silaha si kibali cha kuwinda. Uwindaji una sheria yake, ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Nguruwe na nyani wanaokula mahindi yako hawakupi ruhusa ya kwenda nao porini na bastola.

Shamba la mikorosho si uwanja wa shabaha

Wengi hufikiri kwamba nafasi ya kulengea ipo tele huku kwetu. Hapo ndipo hatari ilipo. Hata risasi ndogo ya .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Nyuma ya mkorosho unaoulenga kuna njia ya watoto wa shule, kuna mama anaokota kuni, kuna jirani anavuna ufuta. Uwanja wa shabaha una ukuta au tuta nene la udongo la kuzuia risasi, una msimamizi, na kila mtu anajua ni wakati gani wa kufyatua na wakati gani wa kukaa kimya.

Kwa kijana wa wilaya hizi, njia iliyo karibu ya kujifunza kulenga ni mafunzo ya Jeshi la Akiba, yaani mgambo, au JKT, ambayo ina kikosi cha 843 KJ hapa hapa Nachingwea. Huko silaha si yako na huendi nayo nyumbani, lakini unafundishwa na mtu anayejua. Baada ya hapo utajua kama unaupenda mchezo wenyewe au uliipenda picha tu.

Kanuni nne

Popote utakapoishika silaha, shika haya:

1. Ihesabu kuwa ina risasi wakati wote, hata kama umeambiwa haina.
2. Usimwelekezee mtu mtutu, hata kwa utani.
3. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe tayari kufyatua.
4. Jua unacholenga na kilicho nyuma yake.

Nyumbani, silaha ikae imefungiwa kwenye sanduku la chuma, na risasi zikae mbali nayo. Chini ya godoro si mahali pa kuhifadhi silaha. Watoto hupajua kuliko sisi.

Na gobore la babu je?

Kuna nyumba ambako silaha ya kwanza haitanunuliwa, kwa kuwa ipo tayari: gobore lililoachwa na marehemu. Kibali hakirithiwi kama shamba. Mwenye silaha akifariki, ndugu wawajibike kutoa taarifa polisi, na anayeitaka aombe kibali kwa jina lake.

Umoja wa Afrika umeutenga Septemba wa kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha haramu. Mwaka 2022 serikali yetu ilitoa msamaha kama huo. Tangazo kama hilo likitoka, lisikupite. Wakati mwingine, usitembee na silaha barabarani. Nenda kwanza mikono mitupu kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi, ueleze, upewe utaratibu.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Ruangwa, jibu letu ni hili: bastola ya kwanza ya kujifunzia ni ya upepo, na inayofuata ni ya .22. Lakini kabla ya zote mbili, tafuta mwalimu, uwanja, kibali na sanduku lenye kufuli. Kimoja kikikosekana, acha fedha ya korosho ibaki benki kwanza.